Daktari Aliyepima Usingizi wa Sagalla

Mama mmoja wa Sagalla ametundika ubongo wa binti yake ukutani. Uko sebuleni, ndani ya fremu ya mbao, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi ya kitinda mimba wake. Ni picha ya rangi ya kijivu inayoonyesha kichwa kilichokatwa katikati, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Unaiona pua, unauona ulimi, halafu unaona ile mikunjo ambayo wengi wetu tumeiona tu kwenye kitabu cha baiolojia au kwenye supu ya kichwa cha mbuzi. Mgeni akiingia, hata kabla ya chai, mama humwonyesha.

"Huyo ndiye mkubwa," husema. "Hapo ni kwa ndani."

Mchungaji alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama binti anaumwa. Mama alikasirika. "Kwani mtu akipigwa picha akiwa amevaa gauni, mnauliza kama limeraruka?"

Binti haumwi. Ni mtafiti wa ubongo. Katika maabara za vyuo vikuu alikofanya kazi kuna mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya kichwa, na kabla watu wa kujitolea hawajaitwa, lazima mashine ijaribiwe na mtu wa hapo hapo. Anayelala ndani yake siku hiyo huwa ni mtafiti wa cheo cha chini. Yeye amekuwa wa cheo cha chini kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana ana picha nyingi za ubongo wake kuliko za uso wake. Mama alipomtumia ujumbe kwamba picha ya mwisho iliyo nyumbani ni ile ya sare ya shule, alituma hii. Nilimuuliza kwa nini hakutafuta nyingine, akanijibu kwa uso mkavu, "Ndiyo iliyotoka vizuri."

Sagalla na Voi wote wanamwita Daktari, nami nitamwita hivyo hapa. Mdomoni mwangu amebaki Mwalimu, kwa sababu alinifundisha baiolojia nilipokuwa kidato cha pili, muhula mmoja na nusu, kabla hajapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Aliondoka tukiwa katikati ya mada ya neva. Siku ya mwisho alichora ubaoni seli moja ya neva, kubwa, kutoka dirishani mpaka mlangoni, akatuambia tusiifute mpaka tuielewe. Haikufutwa mpaka tulipofunga shule. Sijui kama tuliielewa, lakini mwalimu wa hesabu alilazimika kuandika kwenye pembe.

Jina la Daktari limemletea taabu ambayo hajawahi kuizoea. Akirudi likizo, habari hufika Voi kabla yake, na watu humngoja na maumivu yao. Niliwahi kuwa naye kando ya duka la vifaa vya ujenzi mzee mmoja aliyemfahamu alipompandishia suruali hapo hapo barabarani.

"Daktari, nitazamie huu mguu."

"Mzee wangu, mimi si daktari wa kutibu. Ni daktari wa kusoma."

"Haya basi, nisomee huu mguu."

Aliinama akausoma. Aliuliza ulianza kuvimba lini, unauma zaidi asubuhi ama jioni, mzee anakunywa dawa gani. Halafu akatoa kalamu, akaandika yote kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, akamwambia akipeleke hospitalini, ampe mtu wa kwanza mwenye koti jeupe, na asikubali kuambiwa arudi kesho. Hivyo ndivyo alivyofanya kila mara. Alisema hatibu, na hatibu kweli, ila hakumzibia mtu yeyote masikio kwa sababu hiyo. Nimeona vikaratasi vyake kwenye mikoba ya akina mama mwaka mzima baada ya yeye kuondoka.

Kueleza kazi yake ni jambo jingine. Kwa Kiswahili rasmi inaitwa nafasi ya utafiti baada ya uzamivu. Maana yake ni kwamba umesoma hadi shahada ya mwisho, hakuna nyingine juu yake, lakini bado hujawa mhadhiri wala huna maabara. Unaajiriwa ndani ya maabara ya mtu mwingine, kwa mkataba wa mwaka mmoja, miwili ukibahatika, unachunguza swali lake kwa vifaa vyake, na makala ikitoka jina lako huwa la pili au la tano. Mkataba ukiisha unahama. Yeye amefanya hivyo katika nchi tatu. "Mwezi wa kwanza unajifunza choo kiko wapi," aliniambia, "wa pili unaanza kuomba kazi nyingine."

Mama yake ana maelezo mafupi zaidi. "Nilimsomesha mpaka vitabu vikaisha," huwaambia wanawake wenzake wa kanisa, "na bado ni kibarua."

"Kibarua tena, Mama Daktari? Si yuko ng'ambo?"

"Hata huko kuna vibarua. Huyu wangu huchukuliwa kwa msimu."

Daktari husikia na hucheka, lakini hucheka kwa pua tu. Nilikuja kutambua kwamba hahesabu maisha yake kwa miaka. Ukimuuliza mpwa wake alizaliwa lini, atasema ilikuwa mwisho wa mkataba wa tatu. Ukimuuliza alianza lini kuvaa miwani, atasema mkataba wa pili, ule wa baridi. Hajawahi kununua kitanda. Vitu vyake vyote, kwa kanuni aliyojiwekea, lazima aweze kuvigawa kwa jirani katika alasiri moja. Alikuwa na mchumba katika mkataba wa pili, mtu mpole, nimeonyeshwa picha. Mkataba ulipoisha yeye alipata kazi upande mmoja wa bahari na mchumba akapata upande mwingine. Aliponihadithia hayo alikuwa akikunja nguo, na hakuacha kukunja.

Sijawahi kumwona akikaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Chai hunywa akiwa amesimama, kikombe mkononi, akizunguka ua na kusogeza vitu visivyohitaji kusogezwa. Kanisani hukaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Mchungaji alimtania mara moja kwamba anaogopa Roho asije akamkuta mbali na njia ya kutokea, na kanisa zima likageuka kumtazama. Mkutano wa familia ukianza, yeye ndiye wa kusema "haya, basi" kabla sala ya kufungua haijaisha. Wakati mwingine huteremka kutoka Sagalla hadi Voi kwa miguu, bodaboda zikimpita na kumpigia honi, waendeshaji wakimwita, "Daktari panda, hata bure!" Huwapungia mkono na kuongeza mwendo. Kwamba mtu kama huyu alichagua kazi ya kutazama mistari kwenye skrini kwa saa nane bila kuinuka, sina maelezo. Akiwa mbele ya ile mistari hutulia kabisa, hata kope hazichezi.

Neno lake ni kelele. Katika kazi yao, umeme wa ubongo ni mdogo mno, na chochote kingine kinachoingia kwenye kipimo, mtu kukaza taya, taa ya dari, simu iliyo mfukoni, huitwa kelele na lazima kitolewe. Amelihamishia neno hilo kwenye kila kitu. Uvumi wa sokoni ni kelele. Ahadi za wanasiasa redioni ni kelele. Mtu akimweleza kwamba vijana wa siku hizi hawana akili kama wa zamani, huuliza, "Umepima?" na akikosa jibu husema, "Basi hiyo ni kelele." Lakini nilikuwepo siku mama yake alipomwambia asubuhi, "Nilikuota jana, ulikuwa umesimama pale nje na hukutaka kuingia." Hakusema ni kelele. Aliuliza ilikuwa saa ngapi.

Nafanya kazi katika redio ndogo ya hapa Voi, na niliwahi kumleta studioni azungumze kuhusu usingizi. Aliwaeleza wasikilizaji vizuri sana jinsi ubongo unavyopanga mambo ya mchana wakati mtu amelala, na jinsi anayelala kwa vipande vipande anavyoanza kusahau na kukasirika upesi. Akawasihi walale kwa muda wa saa saba kila usiku. Mwanamke mmoja akapiga simu kutoka Rukanga.

"Asante sana Daktari. Na wewe unalala kwa muda wa saa ngapi?"

Daktari akasogeza maikrofoni isiyohitaji kusogezwa.

"Tuchukue swali lingine," akasema.

Usingizi haukuwa mada aliyoiokota kitabuni. Watu wa Sagalla ya chini wanalima karibu na njia za ndovu. Mahindi na pojo zikikaribia kukomaa, katika kila nyumba lazima mtu mmoja alale kwa sikio moja, na debe la kupiga ili kuwafukuza liwe karibu na mkono. Wako waliofanya hivyo kila msimu tangu wakiwa watoto. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema: ubongo wa mtu aliyelala hivyo miaka ishirini, thelathini, hufanyaje kazi? Umeharibika, au umejifunza njia yake ya kupumzika? Miaka yote ya mikataba alichunguza maswali ya wengine. Hili lilikuwa lake mwenyewe, la kwanza, na alilibeba kutoka maabara hadi maabara mpaka mkuu wa maabara ya mwisho akamkubalia kuja nalo nyumbani, kwa miezi minne, na kifaa kimoja cha kuazimwa.

Kifaa hicho ni kofia. Ni ya mpira laini, ina vifundo vidogo vingi vya metali, na kila kifundo huwekewa tone la jeli ili kigusane na ngozi ya kichwa. Kofia hunasa umeme wa ubongo, kompyuta huugeuza mistari, na baadaye mistari huchorwa kuwa ramani ya kichwa yenye rangi. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Masharti ni mawili tu. Kifundo kiguse ngozi, na mtu atulie.

Alikwenda nyumba kwa nyumba kueleza. Watu walikubali, si kwa sababu walielewa kila kitu, bali kwa sababu ni mtoto wao na ametoka mbali. Aliwapa karatasi ya maelekezo, ile ile ya maabara ya ng'ambo aliyoitafsiri mwenyewe neno kwa neno: njoo umekula, usinywe kahawa, osha nywele.

Siku ya kwanza katika ukumbi wa kanisa walikuja kwa wakati. Nilikuwa hapo na kinasa sauti changu. Wanawake kumi na wawili waliingia kwa mstari, wamevaa nguo za Jumapili, na kila kichwa kilikuwa kimesukwa upya. Hakuna mwanamke wa hapa anayekwenda mbele ya daktari na kichwa cha jikoni. Nywele walikuwa wameziosha, kama karatasi ilivyosema, halafu wakafanya linalofuata baada ya kuosha. Walisukwa kwa uzi, kwa nywele za dukani, vifundo na mafungu, wengine mpaka mgongoni, na juu ya hayo mafuta yaling'aa. Wanaume nao walikuwa wamenyolewa na kupakwa mafuta mpaka taa ya dari ilionekana vichwani mwao.

Daktari alisimama na kofia mkononi. Niliuona uso wake ukipita mambo mengi kwa haraka. Yeye mwenyewe amekuwa akikata nywele fupi tangu mkataba wa kwanza, kwa sababu ya zile kazi za kulala ndani ya mashine. Alikuwa amesahau.

"Ni nani aliyewasuka wote?" akauliza.

Mwanamke mmoja mwenye mabega mapana akanyoosha mkono kwa fahari. Ni msusi wa pale, na mwenyewe alikuwa amejiandikisha kupimwa. "Mimi, Daktari. Siku mbili sijalala. Wengine walinijia hata jana magharibi."

"Mmependeza sana," Daktari akasema, halafu akaiinua kofia waione. "Lakini kofia haitafika kwenye ngozi."

"Kwani hiyo mashine haiwezi kupenya nywele? Si inapenya mpaka akilini?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kwa kuwa wamekuja, na kwa kuwa angeona aibu kuwarudisha, aliwapima sita siku hiyo, akibonyeza vifundo katikati ya mistari ya nywele kwa vidole. Mistari ilitokea kwenye skrini. Kwa macho yangu ilikuwa mizuri tu. Jioni mkuu wa maabara aliitazama kwa mbali, akasema kwenye simu ya video kwamba inatosha, aitumie, aendelee.

Alizifuta rekodi hizo kesho yake asubuhi. Zote sita. Nilimuuliza kwa nini, ikiwa mkuu mwenyewe ameridhika.

"Kwa sababu najua nilichopima," akasema. "Nilipima uzi wa kusukia."

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa bora kuliko shahada zake zote. Alikwenda kwa msusi na kofia yake chini ya kwapa, akaketi kwenye kigoda, akamwambia, "Nifundishe." Msusi aliivaa kofia, akajitazama kwenye kioo, akaivua, akaipapasa kifundo kimoja kimoja. Aliomba chaki ya fundi cherehani. Akamketisha jirani, akachora kwenye ngozi ya kichwa mahali kila kifundo kitakapokaa, halafu akaanza kugawa nywele ili njia zipite kwenye alama hizo hizo, nyeupe na wazi, na misuko ilale katikati ya njia. Hakutia mafuta. Ilichukua muda mrefu. Daktari, ambaye hakai, alikaa muda wote huo akishika kitana.

"Daktari," msusi akasema bila kuinua macho, "wewe mbona hujapimwa?"

"Mimi silindi shamba."

"Hulindi, lakini na wewe huna usingizi. Wacha nikuambie kitu. Ndovu anakuja msimu na kuondoka. Huyo wako hana msimu."

Nilisubiri aseme ni kelele. Aliendelea kumpa vibanio.

Tangu siku hiyo kazi ilienda sawa. Msusi alipewa daftari na ratiba, na mtu hakupimwa mpaka apite kwake kwanza. Lakini zile siku zilizopotea hazikurudi, na miezi minne ilianza kwisha watu wakiwa bado wengi kwenye orodha. Hapo zikaja habari mbili. Ya kwanza, chuo kikuu kimoja cha pwani kilikuwa kimetangaza nafasi ya mhadhiri wa kudumu, na pamoja nayo chumba cha kuanzisha maabara. Aliomba, akaitwa kwenye usaili, akatoka akisema wamemsikiliza vizuri na kwamba jibu litakuja baada ya kikao cha baraza. Kikao kikaahirishwa. Ya pili, mkuu wa maabara ya ng'ambo alimtumia mkataba mpya. Miaka miwili. Autie sahihi kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa za Kenya, ama nafasi ipewe mwingine aliyeko kwenye foleni. Masharti yalikuwa wazi: akitia sahihi anarejea mara moja, na kazi ya Sagalla inakomea hapo ilipofika, iandikwe ilivyo. Asipotia, anaruhusiwa kubaki na kofia mpaka mwisho wa mwezi, na baada ya hapo hana kazi yoyote.

Nilimkuta Jumatano sokoni Voi akinunua nyanya, akichagua moja moja na kuirudisha. Alisema amepigia chuo cha pwani mara nne. Karani anajua jina lake sasa. "Ananiita dada," akasema. "Ananiambia, dada, hata sisi tunangoja." Nikamuuliza moyo wake unasema nini. Alinitazama kama vile nimemletea mguu.

"Moyo unasukuma damu, na wewe nilikufundisha hivyo."

Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, muuza nyanya akimsubiri, "Nina miaka arobaini na mitatu. Nikienda safari hii, nikirudi nitakuta nani kwenye ile nyumba?"

Aliondoka bila nyanya.

Ijumaa nilipanda Sagalla. Nilikuwa na sababu ya kikazi, kipindi changu kilihitaji sauti za watu waliopimwa, lakini sitadanganya, nilitaka kuona saa kumi na mbili itamkuta wapi. Ilimkuta, au tuseme ilimkaribia, katika ukumbi wa kanisa. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki kwa siku hiyo, na kofia ilikuwa imesumbua mchana kutwa, kifundo kimoja kikikatika na kurudi. Kabla ya kumwita huyo wa mwisho ilibidi ijaribiwe. Watu wa familia hawaruhusiwi kuingia kwenye utafiti, ila kwa kujaribu kofia hakuna ubaya, na mama yake alikuwa amekuja na chupa ya chai. Akamketisha.

Mama alivaa kofia juu ya mvi zake kama mtu aliyevishwa taji asilolipenda. Daktari akamwekea jeli tone kwa tone, akimshika kidevu. Simu aliiweka dirishani, karibu nami, kwa sababu ndani ya ukumbi hapo tu ndipo mtandao unapofika. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano.

"Mama, funga macho. Dakika kumi. Usiongee, usisogee."

Mama akafunga macho. Akangoja kama nusu dakika.

"Unaenda, ama huendi?"

"Mama, ukiongea mistari inacheza."

"Wacha icheze. Nimekuuliza."

"Nitaanza upya sasa. Nyamaza, tafadhali."

"Mimi nitanyamaza. Nijibu wewe, wewe hujavaa kofia."

Alibonyeza kitufe na dakika kumi zikaanza tena. Mama alitimiza neno lake, akakaa wima, mikono magotini, na uso ukalegea kidogo kidogo. Mistari ikatulia. Msusi alikuwa amekaa mlangoni na daftari lake.

Simu ikaanza kutikisika dirishani. Ilikuwa kwenye mtetemo tu, lakini kwenye mbao ilisikika kama mtu anayesaga kitu. Niliitazama, kazi yangu ni kutazama. Haikuwa na jina, nambari tu, nambari ya hapa nchini. Nilimtazama Daktari na kumwonyesha kwa kidole. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. Alitikisa kichwa mara moja. Simu ikanyamaza. Baada ya muda ikatikisika tena, nambari ile ile, na safari hii nikaona mkono wake ukiondoka mezani, ukafika nusu ya njia, ukarudi. Ikanyamaza.

Dakika kumi zilipokwisha alimvua mama kofia kwa utaratibu ule ule, akamfuta jeli kwa kitambaa cha uvuguvugu, kisogoni, nyuma ya masikio. Kisha akachukua simu na kutoka nje, akielekea kwenye tangi la maji ambako mtandao una nguvu zaidi. Niliinuka. Mama akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Kaa, kunywa chai."

Kupitia mlangoni tulimwona akisimama kando ya tangi, simu sikioni, halafu akiitazama, halafu akiiweka tena sikioni. Midomo yake ilisogea, ila hatukuweza kujua kama anazungumza na mtu ama anajisemea. Kisha akaiinamisha mbele yake na kuibonyeza kwa kidole gumba kwa muda. Alirudi saa kumi na mbili na dakika nane. Akanawa mikono.

"Mwalimu," nikasema, "ulitia sahihi?"

"Nani wa mwisho leo?" akamuuliza msusi. Msusi akataja jina, na yule mtu akaingia akiwa na kichwa kilichogawanywa vizuri, bila tone la mafuta.

Hiyo ilikuwa juzi. Sijaambiwa nambari ile ilikuwa ya nani, na mama yake anasema hajaambiwa pia. Asubuhi ya leo nimempigia msusi. Ameniambia orodha ya kesho ina watu tisa, hakuna aliyemwambia asitishe, na tayari amemaliza kuwasuka wanne.